Vitambaa Vyekundu Mbele ya Mgeni Rasmi

Watu wakiniambia michezo isichanganywe na mambo mengine, huwa nawauliza: nani aliyeanza kuchanganya? Ujana wangu wote nilicheza netiboli nikiwa na jina la kiwanda kifuani. Kifua changu kiligeuzwa ubao wa matangazo, wala hakuna aliyeona ubaya.

Kilikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, enzi zile za soko huria, viwanda vya samaki vilipochipuka kando ya ziwa na kila msichana wa mtaani kwetu Igoma akataka kuingia. Nami nikaingia. Kutwa tulisimama mezani, kisu mkono wa kulia, samaki wa barafu mkono wa kushoto, bila glovu. Miba ilitudunga, vidole vikavimba. Tulipoomba glovu tuliambiwa biashara bado changa, tuvumilie. Lakini timu ilipoingia fainali ya viwanda, raba nyeupe na jezi mpya zilipatikana mara moja. Hapo nilishikwa na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo.

Mimi ndiye niliyekuwa kapteni. Desturi inajulikana: kabla ya mechi timu hujipanga mstari, mgeni rasmi akapita akimpa kila mchezaji mkono. Asubuhi ile meneja alituagiza tufungue vitambaa tulivyofunga vidoleni, tusije tukamtia mgeni kinyaa. Wenzangu wakanitazama.

"Sawa, bosi," nikamjibu.

Alipotupa kisogo tulivifungua kweli. Kisha tukachana khanga nyekundu, tukafunga vipya, vya kuonekana hadi jukwaani.

Mgeni rasmi, mzee wa heshima zake, alipofika kwangu alisita. "Mmeumia wote?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, wote. Tunakata samaki wa kiwanda bila glovu."

Nilisema kwa sauti, makusudi, na jukwaa likasikia. Kisha tukacheza na vitambaa vyetu, mpira ukituponyoka ovyo, tukafungwa vibaya sana. Sijawahi kufurahia kufungwa kama siku ile.

Jumatatu meneja aliniita. "Michezo ni michezo. Mambo ya kazini yanabaki kazini. Utaomba radhi mbele ya wenzako, yaishe. Hutaki, geti lile pale."

Mshahara ule ndio uliomlisha mama yangu, na nje ya geti wasichana walikuwa wamejaa wakisubiri nafasi. Nilijua vizuri ninachokichezea. Nikapanda juu ya kreti la samaki, meneja kando yangu amekunja mikono.

"Jamani, mnisamehe," nikasema. "Mgeni nilimpa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ndio ulioumia zaidi."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nilitolewa getini na aproni yangu bado imelowa.

Msichana aliyechukua nafasi yangu alikabidhiwa glovu siku yake ya kwanza kazini. Za kwangu sikuwahi kupewa, na radhi bado sijaomba.