Sauti ya Chini Katika Pikapu ya Baba

Baba aliitunza redio ya pikapu yake kuliko alivyotutunza sisi, au ndivyo nilivyoona nikiwa kijana. Tukirudi na vumbi la barabara ya Muthara, alisafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, polepole, kama anayempangusa mtoto tongotongo. Kaseti haikuachwa juani. Na sauti haikupandishwa, hata umlilie. Magari ya wengine yalitetemesha vioo vya maduka mjini Meru. Sisi tulipita soko la Gakoromone kimya kama watu wanaoenda kuposa. Niliona aibu sana.

Kaseti ya maana ilikuwa moja. Mama alifariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka, na sauti yake ilibaki humo tu: wimbo wa kanisa aliouimba jikoni akichambua maharagwe, baba akimrekodi. Wimbo ukiisha, baba alizima papo hapo. Kilichofuata hatukuwahi kukisikia.

Siku moja tulimbeba mjomba, ndugu yake mama, pamoja na miraa yake. Alikuwa ameifunga kwa majani mabichi ya mgomba na kuyalowesha maji isinyauke, kama wafanyavyo watu wa kwao. Akaiweka juu ya dashibodi, mahali pa heshima, mama akituimbia kwenye kaseti. Kabla hatujafika mjini, maji yalikuwa yametiririka hadi ndani ya redio. Wimbo ukavutika, ukanguruma, ukanyamaza.

Niliwaka. Baba, ambaye angemfokea hata askofu kwa jambo dogo kuliko hilo, alisimamisha pikapu tu kando ya barabara. Kwetu shemeji, muthoni, hafokewi.

"Woi, muthoni, mimi nilidhani hapo ni shelf tu," mjomba alisema. "Na hiyo ni sauti ya sister yangu."

"Hakuna neno, muthoni. Kuja unishikie hapa."

Nyumbani walifungua redio juu ya meza, wakautoa utepe uliokwama bila kuukata, wakaupangusa, wakautandaza kwenye shuka safi kivulini. Ulipokauka, mjomba aliuzungusha ndani ya kaseti kwa kalamu, baba akiukunjua mbele yake. Nami hasira iliniisha nikiwatazama.

Kesho yake tuliketi watatu ndani ya pikapu. Mama akaimba, sauti ikiyumba kidogo. Baba alifurahi hata akasahau kuzima. Wimbo ukaisha, na ikasikika sauti yake mwenyewe ya ujana, kwa Kimeru: "Imba kwa nguvu, kaseti haishiki."

Mama akajibu kwa kunong'ona: "Mtoto amelala."

Mtoto alikuwa mimi, sasa nina ndevu, nimebanwa katikati ya wazee wawili wanaolia.

Pikapu ni yangu siku hizi, na wanangu hunicheka kwa kucheza redio chini hivyo. Nawaacha wacheke. Mjomba namshukuru kila niuonapo mgomba, kwa sababu bila maji yake nisingejua kwamba mama aliwahi kunitaja.