Chiriku wa Ghorofa ya Pili

Odessa Tolliver alitandika vitanda vya Ikulu ya Washington tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipomgomea. Marais walikuja wakaondoka, yeye akabaki na mashuka. Ukimuuliza habari za wakubwa hao atakwambia nani alikoroma, basi. Lakini ukimtaja binti mdogo wa Rais Pennock, anageukia dirishani.

Mabinti walikuwa wawili. Rosalind, mkubwa, alikuwa na ulimi wa pilipili na alijua kujitetea. Marietta, mdogo, aliongea kutwa nzima, ndiyo maana mama yao akamwita Chiriku. Mama huyo alifia humo humo ndani kwa saratani. Rais akajizika kwenye kazi. Hakuna tena aliyemwita mtoto jina lile, naye akanyamaza.

Kwa watumishi alikuwa Bi Marietta. Ndiyo sheria ya nyumba ile: baba akishaapa, hata mtoto wa chekechea ni Bi. Aliyeitunga hakuwahi kumwona mtoto akinusa koti la marehemu mama yake.

"Odessa, niite Chiriku," aliomba siku moja, amekaa juu ya kapu la nguo. "Mara moja tu."

"Bi Marietta, unataka nikauze karanga stesheni?"

"Mwache mwenzio," Rosalind alidakia kutoka mlangoni. "Atafukuzwa kazi kwa ajili ya kandege!"

Odessa akapiga magoti. "Nisikilize. Siku rais mpya atakapoapa, ikigonga saa sita mchana, wewe si Bi tena. Hapo nitakuita mpaka uchoke."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Baba aliposhindwa uchaguzi, Rosalind alilia. Marietta peke yake alifurahi.

Siku ya kuhama ikafika, theluji tupu nje. Kama ilivyo desturi, watumishi walijipanga ukumbini asubuhi kuagana na familia kabla haijaenda kwenye kiapo. Kutoka huko wangepitiliza kwenye ndege. Odessa alikwisha kusimama kwenye mstari huo mara nyingi, lakini alipoahidi hakukumbuka kwamba kuagana huwa asubuhi, kabla ya saa sita. Sasa Marietta alikuwa mbele yake, macho yanang'aa, anasubiri. Mkuu wa watumishi alikuwa pembeni. Saa sita ilikuwa bado. Ulimi wa Odessa ukafanya ulichozoea.

"Kwaheri, Bi Marietta."

Mtoto hakulia. Alimpa mkono, kama alivyofundishwa kuwapa mabalozi.

"Asante kwa yote, Bi Tolliver."

Akaenda zake bila kugeuka. Aliyegeuka ni Rosalind, na jicho alilomkata, Odessa analikumbuka mpaka leo.

Saa sita ilimkuta ghorofani akibadilisha mashuka, maana mabinti wa rais mpya walikuwa njiani. Redio ikatangaza kiapo. Odessa akakaa kitandani, jambo lililokatazwa kabisa, akalia kama aliyefiwa. Kisha akajipangusa akaendelea na kazi. Lakini kila alipopiga mto, jina lilimtoka. Chiriku. Chiriku wangu.

"Unamwita nani?"

Mlangoni palikuwa na msichana mdogo, koti bado mwilini, anachungulia chumba chake kipya.

Odessa akanyoosha aproni.

"Hakuna mtu, Bi Lorraine."