Dada Yangu na Maji ya Freni

Dada yangu mkubwa anaendesha kamio, lori la mizigo, kati ya Masisi na Sake. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wake mpaka alipoumia mgongo; shemeji akabaki nyumbani na shamba la maharagwe, dada akapanda kwenye usukani. Mimi nauza muhogo, na siku za soko nasafiri naye.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, watu walikuwa wameshakaa juu ya magunia, lakini dada bado alikuwa chini ya gari. Alikuwa amezuia magurudumu kwa mawe, amelala chali juu ya kipande cha hema. Nikainama nimtazame. Alishika kipete kilicho chini ya tangi la hewa, ile hewa inayotia freni nguvu, akakivuta. Hewa ikapiga kelele, na maji mazito, rangi ya chai ya maziwa, yakamtiririkia mkononi hadi kwapani.

"Mama shofere," mzee mmoja aliita kutoka juu, "soko ya Sake itaisha tukiwa hapa!"

"Vumilia kidogo, Papa. Maji iko mingi leo. Ikijaa mule, hewa itakaa wapi?"

Akahamia tangi la pili. Hakuachia mpaka ikatoka hewa tupu. Aliipima kwa kiganja kama imekauka kweli. Kisha akapanda, akawasha injini, akangoja mshale wa kipimo cha hewa upande, akajaribu freni, ndipo akaniambia niondoe mawe. Nikapanda mbele, kando yake.

Tulipopita Mushaki, njia ikaanza kuteremka na kujipinda. Kwenye kona tukakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima, mchungaji akiwa ametupa mgongo. Niling'ang'ania mlango. Dada alikanyaga freni, kamio ikanguruma, ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa, na ndama mmoja akaja kunusa taa.

Mchungaji aligeuka, akashika kichwa. "Aksanti, Mama! Aksanti sana!"

"Pitisha tu polepole, kaka," dada alimjibu.

Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya usukani. Yangu haikuachia mlango hadi tulipoliona ziwa, karibu na Sake. Nikamwambia nataka anifundishe kazi ile ya chini ya gari.

Alicheka. "Basi kesho kuya mapema. Na uvae nguo ya zamani."