Nililizuia Gari la Baba Lisifike Chanika

Admin, naomba unifichie jina. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu Mwananyamala. Mimi ni mtu wa vitabu, kuongea kunanishinda, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Baba ana wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa. Mama mdogo anaishi Chanika, na hakuna siri wala ugomvi. Baba hukaa kwetu siku mbili, kule siku mbili, na zamu hiyo hakuwahi kuivunja. Mwaka huu aliuza gari lake la mafuta akanunua gari dogo la umeme, la mtumba, na fundi akaja kufunga chaja ukutani, pale barazani. Chaja hiyo inaongozwa kwa simu na maelezo yake yote ni ya Kiingereza. Baba akanikabidhi simu yake ya zamani akasema, "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hiyo kazi yako." Nilifurahi mno. Kitabu cha maelekezo nilikisoma kurasa zote.

Kitabu kilishauri gari lisijazwe hadi asilimia mia kila siku, ili betri idumu. Nikaweka ukomo wa sitini, unaotosha mizunguko ya mjini, na siku za Chanika nikawa napandisha hadi mia. Siku moja nilisahau. Baba akatazama kioo cha gari kinachoonyesha chaji, sitini. Kwenda angefika, kurudi asingeweza, kule hakuna chaja, na kusubiri ijae kungechukua saa nyingi. Mguu wake mmoja una chuma tangu alipopata ajali, safari ndefu ya kusimama kwenye basi haiwezi. Akampigia mama mdogo kumwomba radhi, akabaki.

Jioni ile mama alikaanga samaki. Siku ambazo si zamu yetu mama hula mapema na kuzima taa ya sebuleni kabla sijamaliza hata kazi za shule. Siku ile alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilimtazama nikajiambia, kumbe ni kitu kidogo tu.

Zamu iliyofuata sikusahau. Niliacha kupandisha kwa makusudi. Baba akaja na miwani yake, akasimama nyuma yangu. "Imeandika nini hapo, mwanangu?"

"Umeme wetu ni mdogo, baba. Chaja imejizuia yenyewe."

Simu ilikuwa imeandika kwamba gari limefika ukomo uliowekwa. Baba akabaki tena.

Tangu hapo baba hakutulia. Alizima swichi kuu na kuwasha. Alihamisha kile kifaa cha intaneti kutoka chumbani hadi dirishani. Fundi alikuja mara mbili, akabadilisha waya, akachimbia upya nondo ya ethi, ile inayozikwa ardhini kwa usalama wa umeme, na kuimwagia maji. Jirani yetu akipita alisema, "Mzee, hilo gari lako limefunga Ramadhani peke yake?" Mwanzoni baba alicheka. Baadaye akawa hacheki.

Fundi alimwambia, "Mzee, mie nimepima kila kitu, umeme unafika vizuri. Nahisi ishu iko kwenye simu."

"Simu anayo binti yangu," baba akajibu. "Huyo hakosei."

Nilikuwa nasikia kutoka jikoni. Bado sikutoka.

Mara moja baba alikodi teksi akaenda. Nyingine alibaki. Ndipo mama mdogo akampigia mama, sauti ya simu ikiwa wazi kwa sababu mama alikuwa anakuna nazi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mwenzangu."

"Dada, sina ubaya na wewe. Lakini zamu tatu zimenipita. Ndugu zangu huku wanasema gari limefungwa kwa dawa, na wewe ndiye uliyelifunga."

Mama aliacha kukuna. "Na wewe unasemaje?"

"Mie sijasema. Wanasema wao."

"Lakini umenipigia."

Simu ilipokatika mama alikaa palepale juu ya mbuzi. Akasema, "Miaka sita nimeishi na yule bila neno baya. Leo nimekuwa mchawi."

Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Ukurasa mmoja nausoma mara tano. Madrasa tumefundishwa uzito wa mume kutofanya uadilifu kati ya wake zake. Lakini baba hakupunguza zamu ya mtu. Nilipunguza mimi, kwa kidole, nikiwa nimekaa kitandani.

Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliolelewa na mama wawili. Nikieleza ukweli wote, nitakuwa nimemfichulia baba kwamba mama huhuzunika akiondoka, na hilo mama amelificha miaka yote. Nimwambie baba hilo la mama, au si langu kulisema?

Nilichofanya mpaka sasa ni hiki. Jumamosi, siku ya zamu ya Chanika, nilipandisha ukomo hadi mia. Baba alipoona akasema, "Alhamdulillahi, fundi kaweza." Alipochukua funguo nikamfuata, nikakaa kiti cha mbele, nikasema naenda naye. Hakuuliza. Tulipofika Gongo la Mboto nikamwambia fundi hakukosea, chaja ni nzima, niliyelizuia gari ni mimi. Baba akaegesha pembeni. Akaniuliza jambo moja tu: kwa nini. Nikasema nilitaka abaki nyumbani na mimi. Sikumtaja mama.

Baba akawasha gari tukaendelea. Chanika nilimkuta mama mdogo anafua uani. Nilimwamkia, nikachuchumaa kando ya beseni, nikamwambia vilevile. Alikung'uta mikono, akaniomba nimpe simu yangu, akampigia mama kumwomba radhi.