Edina Ajifunza Kuita Kanga

Albina alimrushia mto. "Wee Edina! Majirani watatuitia polisi! Alfajiri yote hii unalia kama jogoo aliyekabwa!"

"Si jogoo, shoga. Ni kanga jike wa porini."

"Jike, dume, mimi nataka usingizi!"

Edina alicheka, akafunga dirisha la chumba walichopanga, akaendelea kwa sauti ya chini. Mchana alikuwa mfanyabiashara, akizunguka maduka ya jumla ya mtaa wa Zhanqian, huko China, kutafuta nguo za watoto za kupeleka Singida. Asubuhi alikuwa mwanafunzi wa baba yake, mwindaji wa kanga, kwa njia ya simu. Msimu wa kuwinda ungefunguliwa Julai, naye angefika nyumbani kabla yake. Mzee alikuwa bado na macho na miguu; meno ya mbele ndiyo yaliyomtoka, na wito wake siku hizi ulikuwa upepo mtupu. Alishasema kwenye simu: "Nikikosa wa kuniitia ndege mwaka huu, bunduki nairudisha serikalini, nakaa zangu kibarazani."

Edina alimjua baba yake. Akishakaa, uzee ungemkalia mapajani.

Alijaribu filimbi za watoto zinazouzwa mtaa wa Yide Lu. Zikalia kama treni. Akarudi kwenye koo lake.

Jumamosi alikwenda soko la kuku, alikowahi kuona kanga wa kufugwa, madoa yale yale ya nyumbani, wamejazana kwenye tenga. Akampigia baba, akaelekeza simu kwenye tenga, akaita. Kanga wakanyamaza. Mama wa Kichina mwenye kuku naye akanyamaza, kisu mkononi.

"Laoban, nawasalimia tu," Edina alimwambia kwa Kichina chake cha sokoni, akimwita bosi.

Mama yule akaangua kicheko, akawaita wenzake waje kuona.

Edina akaita tena. Kanga mmoja akanyoosha shingo, akajibu. Kwa furaha Edina naye akamjibu, akamjibu tena, na tena, kama anayebishania bei, mpaka ndege akampa mgongo.

"Umemfukuza," baba alisema.

"Baba, yuko ndani ya tenga! Atakwenda wapi?"

"Wa porini saa hizi angekuwa Dodoma. Mwanangu, koo umerithi langu, mdomo wa mama yako. Akishajibu, nyamaza. Mwache akutafute yeye."

Edina akavuta pumzi, akaita mara moja. Ndege akajibu. Edina akauma mdomo. Mama mwenye kuku alimtazama, akaelewa, akajiwekea kidole mdomoni kuwanyamazisha wenzake. Soko likipiga kelele huku na huku, pale kwenye tenga palikuwa kimya. Kanga akaita tena, safari hii kwa wasiwasi, akawapanda wenzake mgongoni, akapenyeza kichwa kati ya fito kumtafuta aliyemwita. Edina machozi ya kicheko yalimtiririka, lakini sauti hakutoa.

Kwenye simu, mbali kidogo na kipaza sauti, mapengo ya baba yalipuliza: "Mama Edina! Yale mafuta ya bunduki uliyaweka wapi?"