Wari kwa Samaki

Katika kazi yake ya kuandika mabango, Gerishom alichekwa mara moja tu, na hakuisahau. Ilikuwa mwaka wa themanini na tano, ametoka Butere, huko bara, juzijuzi na brashi tatu mfukoni. Alimwandikia kinyozi mmoja wa Ukunda bango kubwa jekundu: KINYOSI WA KISASA. Soko zima likamwita Kinyosi hadi mvua za mwaka uliofuata. Watoto walimwita hivyo, wazee walimwita hivyo, na kinyozi mwenyewe, ambaye hakuliona kosa mpaka alipoambiwa, alimwita kwa sauti kuliko wote.

Mwingine angefunga safari akarudi kwao. Gerishom alinunua kamusi. Aliisoma kama mlokole anavyosoma Biblia, na kila neno lililomtia shaka alilipigia mstari kwa penseli. Baada ya miaka mitatu hakuna aliyethubutu kumcheka tena. Yeye ndiye aliyewasahihisha watu, tena bila kuombwa. Muuza samaki akitaka "samaki mabichi", alipewa "samaki wabichi". Fundi wa baiskeli aliyezoea kusema "tunatengeza" alipata "tunatengeneza", na silabi yake ya ziada bure. Chini ya kila bango, pembeni, palikuwa na maandishi madogo meupe: Gerishom, Ukunda. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lake mwenyewe, na lilimtosha.

Kisha zikaja vurugu za mwaka wa tisini na saba, watu wa bara wakifukuzwa Pwani. Watu wa bara walifungasha virago, naye akakaa Butere miezi mitatu kwa kaka yake. Aliporudi, majirani walimpokea vizuri, wakamsaidia hata kupaka chokaa chumba chake. Lakini watalii walikuwa wamepotea, hoteli kadhaa zimefunga milango, na kazi ilikuwa ya kuokoteza. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila alipoandika neno Ukunda chini ya bango, mkono ulisita kidogo, akijiuliza kama bado ana haki nalo.

Ndipo mwaka wa tisini na tisa meneja mmoja wa hoteli ya ufuoni, Mathew, akamwita. Hoteli ilitaka mabango mapya arobaini ya vyumba, bustani na njia za kwenda baharini. Kazi ya miezi minne, na huenda hoteli za jirani nazo zingefuata. "Wiki ijayo nina safari ya Msambweni," Mathew alisema. "Nitayaangalia mabango yako ya barabarani, halafu tuzungumze."

Gerishom alirudi nyumbani akipiga mluzi. Kwenye barabara ya Msambweni alikuwa na mabango kumi na moja, na kwa yote aliweza kuweka mkono motoni.

La kumi na moja, alilolimaliza jana yake, lilikuwa la Bi Kanze, mama wa makamo kutoka Kinango aliyeolewa Msambweni na sasa amefungua banda la chakula kando ya lami. Bi Kanze hakujua kusoma, lakini alijua anachotaka. "Niandikie wari kwa samaki," alisema, "na unichoree samaki mwenye furaha." Gerishom alitabasamu moyoni. Huyu mama naye ulimi wamponyoka, akawaza, hajui L wala R. Hakumwaibisha. Alimchorea samaki anayecheka, na juu yake akaandika kwa buluu, herufi za urefu wa mkono: WALI KWA SAMAKI.

Siku ya tano tangu bango lisimame, Bi Kanze alikuja Ukunda, akamkuta anasafisha brashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mimi nilikwambia uniandikie nini?"

"Wali kwa samaki."

"Basi mbona watu washuka magarini, waketi, wadai wali? Nikiwaletea chakula changu wasema mama huyu mwongo, bango lasema hili na sahani yaleta lile. Abdurahman wa duka la mafuta ndiye aliyenisomea. Asema umeandika wali. Mimi sipiki wali, fundi. Sijapika wali pale hata siku moja."

Gerishom alikwenda kuleta kamusi. Bi Kanze aliitazama ile kamusi kama anavyotazamwa mgeni asiyebisha hodi, akasema, "Funga hicho kitabu. Njoo ule."

Wakaenda pamoja hadi kwenye banda. Akamnawisha mikono, akamwekea sahani, na juu yake pakawa na donge jeupe linalofuka moshi, samaki aina ya changu, wa kupaka, ubavuni. Gerishom alikitazama chakula ambacho amekila tangu alipoota meno.

"Lakini hii ni sima, ugali tu," alisema.

"Sima ni Kiswahili. Kwetu sisi Waduruma ni wari, na Wadigo wasema vivyo hivyo. Kwenu mwaiitaje?"

"Obusuma."

"Na mamako akiniambia nimwandikie hilo neno, nami nimpe jingine kwa kuwa nadhani amekosea, wewe ungependa?"

Miaka kumi na minne amekaa Kwale, amelala na kamusi kichwani, na hajawahi kumuuliza mtu wa hapo chakula chake kinaitwaje. Aliona aibu ya kweli, kuliko hata aibu ya Kinyosi.

"Nitalirekebisha, mama. Kesho asubuhi."

Kusema kulikuwa rahisi. Usiku uliingia na hesabu nyingine kichwani mwake. Mathew atapita Alhamisi. Mathew ni mtu wa Machakos, hajui wari ni nini; atasoma WARI kwa herufi za urefu wa mkono, na chini yake atasoma Gerishom, Ukunda. Atasema fundi huyu hajui L na R. Angeweza kungoja mpaka Ijumaa. Angeweza kufuta jina lake pembeni, bango likabaki halina mwenyewe. Siku tatu tu, nani angejua? Lakini siku tatu hizo Bi Kanze angeitwa mwongo na kila abiria mwenye njaa.

Asubuhi alipanda ngazi. Aliukwangua mguu wa L, akaiongezea kichwa cha mviringo, akaishushia mguu mpya wa mshazari. Jina lake aliliacha. Alilipitishia hata rangi mara ya pili, kwa ukaidi tu.

Mathew alipita Alhamisi, na Ijumaa akatuma salamu kwamba kazi amepewa mtu wa Mombasa. Gerishom alikwenda kueleza. Mathew alicheka kwa upole, akampa soda. "Nakuelewa, mzee, lakini wageni wangu hawatakuelewa," alisema. Ilimuuma, tusidanganyane. Kwa wiki nzima hakushika brashi.

Kazi ndogondogo zikaendelea. Mama mmoja wa Jego alitaka neno lake liandikwe vilevile anavyolitamka, mwingine wa Lunga Lunga naye akafuata. Gerishom siku hizi aliuliza kwanza, akarudia neno mara mbili, ndipo akachovya rangi.

Mwisho wa mwaka Jacktone alimwita. Huyu alikuwa kijana wa Siaya mwenye kompyuta mbili nyuma ya duka la picha, akiwatengenezea wenye nyumba za wageni kurasa za intaneti. Gerishom alikuwa hampendi sana, kwa kuwa aliamini mashine ile ndiyo itakayomzika.

"Mzee, kuja uone. Ile bango yako ya samaki niliipiga picha, nikaiweka kwa websaiti ya watu wa Diani. Sasa kuna msee ametuma imeli. Si ya kubuku chumba, ni yako."

Akaisoma. Aliyeandika aliitwa Mwero, mpishi katika hoteli moja huko Uswisi, mwaka wa tisa hajafika nyumbani. "Nilikuwa natafuta picha za kwetu. Nikaliona neno wari, limeandikwa kubwa, mchana, barabarani. Maisha yangu yote sijaliona limeandikwa popote. Nimelia kidogo, wenzangu wakadhani ni vitunguu. Tafadhali niambieni, huyu Gerishom, maana picha imekatikia kwenye jina lake, ni Mduruma wa wapi? Wa Kinango au wa Taru?"

Jacktone alicheka mpaka akashika meza. "Sasa nimwambie aje? Mluhya wa Butere?"

Gerishom hakucheka. Alisogea karibu na mashine.

"Soma pale chini ya bango," alisema. "Mjibu hivyo hivyo. Wa Ukunda."