Siku Mama Alipokuja Kumlaza Eliya

Usiku ule sikulala kabisa, ndiyo maana ndoto ilinikuta mchana, nimekaa kwenye kochi na mtoto kifuani.

Eliya alikuwa na wiki sita. Tunaishi Mafinga, na mwezi ule baridi ilikuwa inauma masikio hata ndani ya nyumba. Mume wangu Daudi ni seremala. Alikuwa amemtengenezea mtoto kitanda cha mbao za paina, akanunua na godoro gumu la kukienea, tukakiweka chumbani kwetu, hatua mbili tu kutoka kitanda chetu. Mimi nilikijaza nguo zilizofuliwa. Sikutaka mtoto alale nje ya mikono yangu. Usiku nilikaa macho nikisikiliza pumzi yake, na kila ilipochelewa kidogo nilimgusa shavu mpaka alie, ndipo moyo wangu utulie.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Njombe kunilea baada ya kujifungua, alidhani ni baridi inayonitisha. Akaleta blanketi zito, akashona mto mdogo wa pamba, na kila jioni akawa anaingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba dirisha kwa matambara. Nesi wa kliniki alikuwa ameniambia vingine: mtoto alazwe chali, peke yake, pasipo mto wala blanketi la kumfika usoni, na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Nilimfikishia mama mkwe maneno hayo kwa upole. Akanijibu kwamba amelea watoto saba na hakuna nesi aliyemfundisha. Sikubishana naye. Nilichokuwa nakiogopa mimi sikumwambia yeye, wala nesi, wala Daudi.

Nilipokuwa na miaka sita nililala kitanda kimoja na mama yangu na mdogo wangu wa miezi mitatu. Asubuhi mdogo wangu hakuamka. Msibani nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mtoto amelaliwa. Hakusema na nani. Nilitazama mikono yangu, nikajijibu mwenyewe. Mama hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumuuliza, hadi alipofariki miaka minne kabla ya Eliya kuzaliwa.

Basi mchana ule, mama mkwe yuko nyuma ya nyumba anapasua kuni, nikakaa kochini kunyonyesha. Nilijiambia nitafumba macho kidogo tu.

Mlango ulifunguka, mama yangu akaingia. Alikuwa pekupeku, amevaa sweta lake la kijani lenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi mweusi, ananukia sabuni ya kufulia. Sikushangaa. Nilimkaribisha, nikataka kumpa mjukuu wake ampakate, na nilipotazama, mikono yangu ilikuwa mitupu.

Nikainua blanketi lililokuwa mapajani. Chini yake kulikuwa na blanketi jingine. Nikalivuta, likaja la kijivu nililolitumia shule ya bweni. Nikalivuta hilo, likaja lile zito la mama mkwe. Kochi sasa ni kitanda, na kitanda ni kikubwa kama chumba, na mimi natambaa juu yake kwa magoti, navuta, natupa, navuta. Namsikia mtoto anapumua huko chini. Pumzi ni fupi, za haraka, halafu zinanyamaza, halafu zinarudi, na kila zikirudi zinatokea upande mwingine. Mama ameketi ukingoni, amekunja mikono, ananitazama kwa huruma wala hanisaidii.

"Mama, atakufa," namwambia.

"Acha kuvuta. Angalia."

Naangalia. Tupo kwenye nyumba yetu ya zamani, ile ya ukuta uliopakwa chokaa hadi nusu. Jiko la mkaa linawaka jekundu karibu na mlango. Dirisha limezibwa kwa gunia. Hewa ni nzito, kichwa kinanigonga. Kitandani amelala mama, kijana kuliko mimi nilivyo leo. Ubavuni mwake yupo mdogo wangu, kifudifudi, uso umezama kwenye mto, blanketi limempita kichwa. Namtafuta msichana wa miaka sita. Namwogopa. Natafuta mkono wake juu ya mtoto, natafuta mguu wake. Hayupo hapo. Amelala upande wa miguu, amejikunja, mgongo wake umegusa ukuta, na kati yake na mtoto panatosha mtu mwingine kulala.

Mama sasa amesimama karibu yangu. Sauti yake iko sikioni mwangu.

"Hukuwa wewe," anasema. "Mimi ndiye niliyemfunika. Niliogopa baridi, na hakuna aliyeniambia kuna kingine cha kuogopa."

Nataka kumuuliza kwa nini alininyima maneno hayo miaka yote. Anapita mbele yangu, anafungua dirisha, anamwinua mtoto kitandani, na mtoto huyo si mdogo wangu tena, ni Eliya, na chumba ni changu cha Mafinga. Anatoa nguo kwenye kitanda cha paina, moja moja, na kila moja anaikunja kwanza, maana mama hakuweza kuacha nguo bila kuikunja, hata huko aliko. Anabonyeza godoro kwa kiganja. Anamlaza Eliya chali. Hamwekei mto, hamfuniki uso. Anarudi nyuma hatua moja.

"Umekesha wiki sita ukimlinda," anasema. "Usingizi utakushinda, na utakushinda akiwa mikononi mwako. Mwandalie pa kulala, mwanangu, halafu na wewe ulale."

Ninamwomba abaki. Anageuka kunijibu, macho yake yanaangukia kochi, na uso wake unabadilika.

"Amka," anasema. "Amka sasa hivi."

Niliamka nikiwa nimeegemea upande. Eliya hakuwa kifuani. Alikuwa ameteleza kati ya mkono wangu na mto wa kochi, uso umegeukia kitambaa, na kitenge nilichojifunika kimemwangukia kichwani. Nilimnyakua. Alikuwa wa moto, nywele zimelowa jasho. Kwa muda ambao siwezi kuupima hakutoa sauti. Kisha akavuta pumzi, akakunja uso, akalia kwa hasira, na mimi nikalia naye.

Mama mkwe alikuja mbio na shoka bado mkononi. Nilimweleza yote palepale, tangu kitanda cha utotoni hadi kochi. Nilimwambia sijui kama ndivyo ilivyokuwa kweli. Watoto wengine huondoka na hakuna anayejua sababu, na ndoto si ushahidi. Lakini ujumbe mama yangu ameuleta, na nimeukuta ni wa kweli hapa kochini.

Aliweka shoka chini, akaingia chumbani, nikamsikia anang'oa matambara dirishani. Akatoka na jiko, akarudi, akatoka na blanketi na mto wake wa pamba, akasimama nao kidogo kana kwamba hajui pa kuuweka, mwishowe akauweka kwenye kiti chake yeye. Mimi nilitoa nguo kitandani, nikatandika shuka moja nikalibana vizuri chini ya godoro, nikamvalisha Eliya sweta na soksi, nikamlaza chali, nikashusha neti. Tulisimama wote wawili tukimtazama. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikapanda. Mikono yangu haikujua ifanye nini.

"Niko hapa mimi," mama mkwe akasema. "Nenda ukalale."

Nilipofika mlangoni akaniita tena, kwa sauti ya chini.

"Na yule mdogo wako, aliitwa nani?"

Tangu tulipomzika hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Ezekia," nikasema. "Aliitwa Ezekia."